Kizuri Chajiuza? Kwenye Soko la Kompyuta Methali Hii Hukwama

Jirani yangu ni mwalimu wa shule ya msingi huku Likoni. Juzi jioni alibisha hodi akiwa amekumbatia laptopu yake kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Aliinunua miaka minne iliyopita katika duka moja la Mombasa mjini, mojawapo ya zile zinazoitwa “ex-UK”, yaani zilizokwisha kutumika maofisini Ulaya kabla ya kushushwa hapa bandarini. Kioo chake kizima, kibodi nzima, na betri inamtosha kuandika mtihani wa darasa bila kuichomeka kwenye stimu. Tatizo ni ujumbe uliokuwa ukimtokea kila mara: Windows 10 imefikia mwisho wa kuhudumiwa, na kompyuta hii haifai kupokea Windows 11.

“Kaka,” akaniuliza, “fundi ameniambia nitafute nyingine. Hii nayo ina ubaya gani?”

Nikamwambia haina ubaya wowote. Mashine ni nzima. Kilichoisha ni muda wa kuhudumiwa kwa programu iliyo ndani yake. Nikamtajia Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, ambao unapatikana bila malipo na unaweza kukaa kwenye mashine hiyo hiyo na kuifanya iende miaka mingine. Akanitazama kwa jicho la mwalimu anayesikiza jibu la mwanafunzi asiyesoma.

“Kama ni nzuri na ni ya bure, mbona sijaiona kwa mtu hata mmoja?”

Sikuwa na jibu la haraka. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sasa kitu hiki kinachosifiwa, chenye umri wa zaidi ya miaka 30, mbona hakijajiuza? Makala haya ni jibu langu kwa mwalimu, na kwa yeyote huku pwani mwenye kompyuta nzima aliyoambiwa aitupe.

Mashine nzima inayoambiwa imekufa

Tuanze na ujumbe wenyewe. Windows 10 ilitolewa na kampuni ya Microsoft tarehe 29 Julai 2015. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni hiyo ilisimamisha marekebisho ya kawaida ya usalama kwa mfumo huo. Watumiaji wa nyumbani waliachiwa mlango mdogo: wakijiandikisha, wangeendelea kupata marekebisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Huo ni muda wa kupumua tu, safari yenyewe haijabadilika.

Kompyuta haizimiki siku hiyo ikifika. Itawaka, itaandika, itacheza filamu. Lakini fikiria nyumba ambayo komeo lake halitengenezwi tena. Mlango bado unafunga, ila siku mwizi akigundua namna mpya ya kulifungua komeo hilo, hakuna fundi atakayekuja. Kwa mtu anayeweka barua pepe, nywila ya iTax na akaunti ya benki ndani ya kompyuta moja, hilo si jambo la kupuuza.

Kwa nini basi mwalimu asihamie Windows 11? Kwa sababu mfumo huo, uliotoka tarehe 5 Oktoba 2021, una masharti. Unataka kompyuta iwe na kifaa cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, na unataka prosesa ya karibuni. Kwa zile za Intel, kwa jumla ni kizazi cha 8 kwenda juu, ambazo zilianza kuuzwa mwaka wa 2017. Sasa tazama laptopu zilizojaa kwenye maduka yetu ya mitumba. Nyingi ni za kizazi cha 4, cha 5, cha 6. Ofisi za Ulaya ziliziacha kwa kuwa zimeshatumika miaka kadhaa, nasi tukazipokea kwa kuwa bado zinafanya kazi. Sharti moja lililoandikwa Marekani limezigeuza kuwa mzigo.

Mafundi wengine huilazimisha Windows 11 ikae kwenye mashine isiyokubaliwa. Inawezekana, na nimeona ikifanya kazi. Lakini Microsoft yenyewe imesema haitoi dhamana kwamba mashine za namna hiyo zitaendelea kupata marekebisho. Kwa hivyo umelipa, na komeo lako bado lina shaka.

Njia ya pili ni kununua kompyuta mpya zaidi. Kwa aliye na uwezo, hiyo ni sawa. Kwa mwalimu mwenye karo ya watoto watatu, si sawa. Hapo ndipo njia ya tatu inapoingia.

Linux ni kitu gani

Kila kompyuta huwa na mfumo endeshi, programu ile kubwa inayosimamia nyingine zote: inawasha kioo, inasoma kibodi, inapanga mafaili, inaongea na printa. Windows ni mmoja wa mifumo hiyo. macOS ya Apple ni mwingine. Linux ni wa tatu.

Chanzo chake ni kijana mmoja wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, aitwaye Linus Torvalds. Agosti 1991 aliwatangazia wenzake kwenye intaneti kwamba anatengeneza mfumo kama jambo la kujifurahisha tu. Baadaye aliutoa chini ya leseni inayomruhusu yeyote kuutumia, kuunakili, kuubadilisha na kuugawa. Maelfu ya watu wakaongeza mikono, halafu kampuni kubwa nazo zikaingia. Kwa kuwa kila mtu anaruhusiwa kuufunga kwa namna yake, zimetokea chapa nyingi: Debian, Fedora, Ubuntu, Linux Mint na nyinginezo. Ni kama biriani: mpishi huyu atazidisha viazi, yule atapunguza pilipili, lakini chungu ni kimoja.

Ubuntu ina jina lisilohitaji tafsiri ndefu kwetu. Ilianzishwa mwaka wa 2004 na tajiri wa Afrika Kusini, Mark Shuttleworth, na neno hilo la lugha za Kinguni ni ndugu wa neno letu “utu”. Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, kampuni yake ilikuwa ikituma sidii za Ubuntu kwa posta bila malipo, popote duniani, kwa yeyote aliyeomba.

Usidhani Linux ni kitu dhaifu. Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 zilizo kwenye orodha ya zile zenye nguvu zaidi duniani zinaendeshwa na Linux. Simu ya Android iliyo mfukoni mwako ina kiini cha Linux ndani yake. Kwa hivyo mwalimu aliyeniambia hajaiona kwa mtu hata mmoja alikuwa ameishika mkononi.

Lakini kwenye meza ya nyumbani, hapo kweli haionekani. StatCounter, shirika linalohesabu mifumo kwa kutazama wanaotembelea kurasa za intaneti, lilionyesha mwanzoni mwa 2024 kwamba Linux imevuka asilimia 4 ya kompyuta za mezani na laptopu kwa mara ya kwanza katika hesabu zake. Windows ilikuwa na kama asilimia 70 hivi, na Apple 15 hivi. Hesabu za namna hii ni za kukadiria, kwa maana zinahesabu matembezi ya kurasa na wala si mashine moja moja. Hata hivyo picha iko wazi: baada ya miaka zaidi ya 30, katika kila kompyuta 25, moja ndiyo yenye Linux.

Methali inakwama wapi

Linux si ya kwanza kukutwa na haya. Mwaka wa 1985 kampuni ya Commodore ilitoa kompyuta ya nyumbani iliyoitwa Amiga. Wakati kompyuta za kawaida za aina ya IBM zilikuwa na rangi chache na mlio wa “pii” tu, Amiga ilikuwa na rangi 4,096, muziki wa stereo, na uwezo wa kuendesha programu kadhaa kwa mpigo. Waliokuwa nayo waliipenda mno. Mwaka wa 1994 Commodore ilifilisika.

Makosa ya wakuu wa kampuni yalichangia, lakini kulikuwa na jambo kubwa zaidi. Maofisi yalinunua mashine za aina ya IBM. Mfanyakazi akataka nyumbani kitu anachokijua kazini. Waandishi wa programu wakawafuata wanunuzi waliko. Programu zilipokuwa nyingi upande mmoja, wanunuzi waliobaki nao wakaenda upande huo. Ni gurudumu: watu huvuta programu, programu huvuta watu. Aliye nje ya gurudumu, hata akiwa bora, huzungukwa tu.

Linux kwenye meza ya nyumbani iko nje ya gurudumu hilo hilo. Microsoft Office yenye kusakinishwa haitolewi kwa Linux. Photoshop vivyo hivyo, na AutoCAD ya wachoraji ramani vivyo hivyo. Zipo mbadala. LibreOffice hufungua mafaili ya Word na Excel na kuyahifadhi vizuri kwa kazi nyingi, ingawa mara nyingine jedwali husogea au herufi hubadilika. Mbadala hutosha mpaka siku bosi wako atakapotaka faili lile lile, lenye sura ile ile.

Sababu ya pili ni duka. Watu wengi hawachagui mfumo endeshi kamwe. Hununua kompyuta na kuukuta umo ndani. Mwaka wa 2007 kampuni ya Asus ya Taiwan ilitoa laptopu ndogo ya bei nafuu, Eee PC, ikiwa na Linux tayari ndani. Watu waliigombania. Hiyo ilikuwa nafasi kubwa kabisa Linux iliyowahi kupata madukani. Microsoft ikaona, ikarefusha maisha ya Windows XP kwa ajili ya mashine ndogo kama hizo, na haukupita muda mrefu laptopu hizo ndogo zikawa zinauzwa na Windows kwa wingi. Mnunuzi hakuwa ameipenda Linux wala kuichukia. Alinunua kilichokuwa rafuni.

Tazama upande wa pili wa sarafu hiyo. Mwaka wa 2011 Google ilianza kuuza Chromebook kupitia watengenezaji kama Samsung na Acer. Ndani yake mna kiini hicho hicho cha Linux, lakini hakuna aliyeambiwa asakinishe chochote. Zilifika zikiwa tayari, zikaenea sana katika shule za Marekani. Kumbe ikikutwa tayari dukani, Linux inanunulika bila mnunuzi hata kujua jina lake.

Sababu ya tatu ni jirani. Kompyuta ikikwama saa tatu usiku na kesho una ripoti, humpigii Torvalds. Unampigia mpwa wako, au fundi wa mtaani. Akiwa anajua Windows peke yake, basi Windows ndiyo kompyuta. Jiji la Munich huko Ujerumani lilijifunza hili kwa gharama kubwa. Lilikata shauri mwaka wa 2003 kuhama Windows, na kufikia 2013 lilikuwa limehamisha kompyuta kama 15,000 kwenda Linux. Mwaka wa 2017 baraza la jiji likapiga kura kurudi Windows. Watu hubishana mpaka leo kama sababu ilikuwa ya kiufundi au ya kisiasa. Lisilobishaniwa sana ni kwamba ofisi moja ikisema lugha yake na ofisi zote zinazoizunguka zikisema nyingine, kila faili linalovuka mlango huwa na mkalimani, na mkalimani huchosha.

Kwetu, neno “bure” halina kishindo

Kuna sababu ya nne ambayo wazungu wanaoandika kuhusu Linux huwa hawaioni, kwa kuwa hawaishi hapa.

Kule kwao hoja kubwa ya Linux ni bei. Leseni ya Windows hulipiwa pesa nyingi, Linux hailipiwi. Kwa hivyo mwenye kubana matumizi ana sababu ya kuhama. Huku kwetu nenda kwa fundi yeyote ukamwambie akuwekee Windows. Utalipa kazi ya mikono yake, mia chache au elfu, na utaondoka na Windows, na Office, na pengine Photoshop juu yake. Leseni hukuulizwa. Kwa macho ya mteja, Windows ni ya bure na Linux ni ya bure, na kati ya vitu viwili vya bure mtu huchukua anachokijua.

Ndiyo maana nasema mshindani mkubwa wa Linux huku pwani ni Windows ya kunakiliwa. Ile iliyolipiwa wengi wetu hatujapata kuiona. Na hiyo ya kunakiliwa ina gharama ambayo hailipwi kaunta. Kwanza, ni kinyume cha sheria. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu. Pili, ile programu ndogo inayotumiwa “kuifungua” Windows bila leseni hutoka kwa mtu usiyemjua, na mara nyingi sharti lake la kwanza ni uzime ulinzi wa virusi. Umemkaribisha mgeni usiku, ukamfungulia mlango, na kumzimia taa. Tatu, mashine hizo mara nyingi huzimiwa marekebisho makusudi ili uwizi usigunduliwe.

Kwa hivyo anayeuza Linux hapa kwa neno “bure” anauza maji kando ya kisima. Hoja yenye nguvu kwetu ni tofauti: ni mfumo halali, unaopata marekebisho, kwenye mashine uliyo nayo tayari.

Kilichobadilika

Kama gurudumu ni lile lile, kwa nini basi nadhani kuna jipya? Kwa sababu mambo matatu yamesogea kwa wakati mmoja.

La kwanza ni kivinjari. Zamani kila kazi ilitaka programu yake. Leo fikiria mtu wa kawaida hutumia kompyuta kwa nini: barua pepe, eCitizen, iTax, maombi ya chuo ya KUCCPS, YouTube, WhatsApp ya kwenye kioo kikubwa, benki. Vyote hivi hupita ndani ya Firefox au Chrome, na vivinjari hivyo vipo kwenye Linux. Hata fomu ya mapato ya iTax, iliyokuwa ikipakuliwa kama jedwali la Excel, iliwekewa na toleo la ODS, muundo unaotumiwa na LibreOffice. Kivinjari hakijali sana kimekaa juu ya mfumo gani, kama vile abiria wa feri asivyojali injini ni ya kampuni gani mradi afike Kisiwani.

La pili ni michezo. Kwa miaka mingi kijana alikuwa akikataa Linux kwa sababu hiyo peke yake. Kampuni ya Valve ya Marekani ilitoa mwaka wa 2018 programu iitwayo Proton, inayowezesha michezo mingi ya Windows kuchezwa kwenye Linux, na mwaka wa 2022 ikauza mashine ya mkononi, Steam Deck, yenye Linux ndani. Bado kuna michezo inayokataa, hasa ile ya mashindano ya mtandaoni yenye programu za kuzuia wadanganyifu. Lakini ukuta umepata mlango.

La tatu ni hili la Oktoba 2025, na ndilo kubwa. Kwa kawaida mtu hubadilisha mfumo pale tu anapolazimika. Safari hii Microsoft yenyewe imemwambia mwenye kompyuta nzima: huwezi kubaki ulipo. Haijapata kutokea mara nyingi kwa watu wengi kiasi hiki kusukumwa kwenye njia panda kwa siku moja. Serikali nazo zinatazama. Jimbo la Schleswig-Holstein, Ujerumani hiyo hiyo ya Munich, lilitangaza mwaka wa 2024 kwamba litahamisha kompyuta kama 30,000 za watumishi wake kutoka Microsoft Office kwenda LibreOffice, na Windows kwenda Linux.

Soko litakwenda wapi

Haya ndiyo maoni yangu, na msomaji ana haki ya kuyapinga.

Linux haitaishinda Windows kwenye meza za nyumbani. Si mwaka huu, wala si mwaka kesho. Maofisi, vyuo vinavyofundisha Word na Excel, wahasibu na wachoraji wataendelea walipo, na watavuta wengine. Tena mshindani wa kweli wa kompyuta yoyote ya nyumbani leo ni simu. Vijana wengi wa hapa watamaliza shule bila kumiliki laptopu, na hawataona kasoro.

Lakini soko si lazima liwe la kushinda ili liwe na faida. Palipo na mashine nzima nyingi, pesa kidogo na sheria inayozidi kuuma, mfumo wa asilimia 4 unaweza kuwa mfumo wa mtaa mzima. Naziona sehemu tatu ambapo Linux ina riziki huku pwani: laptopu za mitumba zinazokataa Windows 11, maabara za shule na madrasa zenye mashine 10 au 20 za zamani, na saiba, ambako mteja anataka kivinjari na printa tu, na mwenye saiba amechoka kufuta virusi vya flashi za watu.

Hata hivyo nafasi hiyo ina mlinzi mlangoni, naye ni fundi. Munich, Eee PC na Chromebook zote zinasema neno moja: mfumo huenea kwa mtu anayeuweka na mtu anayepigiwa simu ukikwama. Fundi wa Digo Road akiamua kwamba laptopu ya kizazi cha 5 ikiingia kwake itatoka na Linux Mint na Kiswahili kidogo cha maelezo, soko litakuwepo. Akiendelea kusema “tafuta nyingine”, halitakuwepo, hata mfumo uwe mzuri namna gani. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na kwake pia kuna hesabu: kwenye Windows ya wizi, anauza kitu kisicho chake na huishi kwa hofu. Kwenye Linux anauza kazi yake mwenyewe: kusakinisha, kufundisha, kutengeneza. Sheria inamruhusu anakili mara elfu.

Tena kuna la lugha. Mwaka wa 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Uswidi walitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi kwa Kiswahili. Hawakuhitaji kumwomba mwenye kampuni ruhusa, kwa sababu leseni ilikuwa imeshawapa. Kama kuna vijana wa chuo huku kwetu wanaotafuta kazi ya maana, mlango huo haujafungwa.

Kabla hujafuta chochote, jaribu

Kwa mwenye laptopu iliyoambiwa imekufa, hivi ndivyo ningefanya.

Chukua flashi ya gigabaiti 8. Pakua Linux Mint mahali penye wifi, kwa sababu faili lenyewe linakaribia gigabaiti 3 na bando lako halitakushukuru. Mtu mmoja akishapakua, mtaa mzima unaweza kunakili. Iandike kwenye flashi kwa programu maalumu ya kazi hiyo, kama Rufus au balenaEtcher. Kuikopia tu kama filamu hakutoshi. Kisha washa kompyuta kupitia flashi hiyo. Kwa Dell na Lenovo nyingi hubonyezwa F12 inapowaka, kwa HP nyingi F9.

Mfumo utafunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote kilichomo kwenye diski. Kaa nao siku mbili. Angalia wifi inashika? Sauti inatoka? Printa yako inakubali? Fungua mafaili yako ya kazi moja moja. Kama kuna programu moja ya Windows usiyoweza kuishi bila hiyo, sasa ndipo pa kujua. Itakwenda polepole kidogo kwa kuwa inasomwa kutoka kwenye flashi, isikutishe.

Ukiridhika, hifadhi kwanza mafaili yako yote nje ya mashine. Nasema yote, na uyafungue uhakikishe. Kosa la kusakinisha juu ya picha za harusi halina dawa. Linux Mint huhitaji angalau RAM ya gigabaiti 2, na gigabaiti 4 ndiyo inayopendekezwa kwa kazi ya kawaida. Kama diski ni ya zamani ya kuzunguka, kuibadilisha kwa SSD kutakusaidia kuliko kitu kingine chochote, uwe na mfumo wowote.

Wala usidanganywe kwamba Linux haiingiliki. Marekebisho yake yakija, yapokee. Nywila ya jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa itaibiwa huko pia.

Mwalimu alikaa na flashi yangu siku tatu. Wifi ilishika, sauti ilitoka. Mitihani yake ya zamani ilifunguka, ila jedwali moja lilisogea na akalipanga upya huku akinung'unika. Jedwali la alama analoletewa na ofisi, lenye hesabu za kujiendesha, lilikataa. Hilo ameamua kulifanyia kwenye kompyuta ya shule. Mengine yote ameyahamisha, na ile laptopu haimwambii tena kwamba imekufa.

Wiki iliyofuata nilipigiwa simu na nambari nisiyoijua. Alikuwa yule fundi wake. Akanisalimu vizuri, akaniuliza hali ya nyumbani, kisha akafika alikokuwa akienda. “Mzee, ile flashi ya mwalimu, waweza kuniazima?”